Msiba Una Daftari, Mtaro Hauna

Kuna tuhuma moja iliyozoeleka juu ya watu wa Dar es Salaam, nayo husemwa majukwaani, misikitini na makanisani, na hata katika mabaraza ya kahawa ambamo wasemaji wenyewe ni watu wa mji: kwamba maisha ya mjini yamewakausha nyoyo, na kwamba mtu ambaye kwao alikuwa akitoka alfajiri na jembe lake kila jirani alipoomba mkono wa kulima, akishapanga chumba Manzese au akishajenga Mbagala, hugeuka bahili wa nguvu zake, asiweze kuinua hata fagio kwa ajili ya mtaro upitao mbele ya mlango wake. Tuhuma hiyo imerudiwa mara nyingi hata imepata sura ya kweli, na ajabu ni kwamba wanaotuhumiwa wenyewe wameikubali na wanasaidia kuieneza. Mimi siikubali.

Namwomba msomaji atazame litokealo mtaani mtu anapofariki usiku. Kabla hakujapambazuka mjumbe amekwisha kupewa habari. Kabla jua halijawa kali turubai limefungwa katikati ya njia, na magari, hata ya wakubwa, hugeuza bila ya ugomvi. Vijana ambao jana yake waliitwa wahuni ndio wabebao majamvi na viti vya plastiki. Wanawake wamekwisha kukaa uani na masufuria yao makubwa, mmoja akichambua mchele, mwingine akimenya vitunguu, wa tatu akiwa ameshika kikombe cha uji na kumsihi mfiwa anywe japo funda moja. Na kundi la wanaume wenye sururu na mabeleshi limekwisha kuelekea makaburini, Kinondoni au kwingineko, bila ya mtu kuuliza marehemu alikuwa kabila gani, na aghalabu bila ya kujali alikuwa dini gani. Haya yote hayana sheria iliyoyaamuru, wala mgambo aliyeyasimamia, wala tangazo la redio, na hufanywa na watu walewale wasemwao kuwa hawana muda.

Kando ya ukuta, pasipo na kelele nyingi, huwa pana meza ndogo, na juu ya meza hiyo pana daftari. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza zaidi kuliko turubai na masufuria, kwa sababu naona waandishi na viongozi wetu hupita mbele yake wakatia rambirambi zao na kuondoka bila ya kufahamu kwamba wamepita mbele ya taasisi iliyo imara kuliko nyingi zilizoandikwa katika sheria za nchi. Anayeshika kalamu hakuteuliwa na mtu wa mbali. Aghalabu ni mwalimu mstaafu, au fundi cherehani, au mama wa upatu ambaye kwa miaka mingi fedha za watu zimelala kwake zikaamka salama. Huandika jina na kiasi, na aliyeleta kilo mbili za sukari huandikwa sawasawa na aliyeleta noti nyekundu. Kisha, siku ya kuondoa matanga, mbele ya waliobaki, husimama akasoma: zimeingia kadha, zimetoka kadha kwa sanda au jeneza, kadha kwa gari, kadha kwa chakula, na zilizosalia hizi hapa, mfiwa azipokee mbele ya macho ya watu. Nimehudhuria misiba ya maskini ambamo kilichosalia hakikutosha nauli ya kurudi kijijini, na bado hesabu ilisomwa kwa taadhima kana kwamba ni bajeti ya dola.

Wala wema huu haukomei katika misiba ya nyumba moja. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuwafunika wafanyabiashara, wachukuzi na wateja wao, waliotangulia kuingia kifusini walikuwa ni wapita njia na wachuuzi wa maduka ya jirani, wengine wakiwa na nyundo, wengine mikono mitupu, wakivunja zege na kuwavuta wenzao kabla mitambo mikubwa haijafika. Hakuna aliyewauliza wametumwa na nani. Mji uliokauka moyo hauingii chini ya zege lililopasuka kumtafuta mtu asiyemjua jina.

Walakini ni kweli vilevile, wala sitaificha, kwamba watu hao hao, Jumamosi ya mwisho wa mwezi inapowadia na kipaza sauti cha serikali ya mtaa kinapopita kikiwahimiza watoke kufanya usafi, hufunga milango, au hutoka mtu mmoja kwa nyumba nyingi, na huyo mmoja aghalabu ni mwanamke aliyekwisha kufagia uwanja wake na wa mwenye nyumba tangu alfajiri. (Wanaume hufika baadaye kidogo, kusimamia.) Basi kwa nini mkono ulio mwepesi kwenye kaburi uwe mzito kwenye mtaro? Jawabu langu ni fupi: msiba una daftari na mtaro hauna. Katika msiba mtu huona mwanzo wa kazi na mwisho wake, humjua aliyeshika amana, na husikia hesabu yake ikisomwa. Ilhali katika usafi wa mtaa huitwa na asiyemjua, kwa kazi isiyokwisha, kwa faida asiyoiona, na akichelewa hutishiwa faini.

Fikiria safari ya tope la mtaro mmoja. Wakazi wachache watiifu hutoka na mabeleshi na reki, wakaingia majini mpaka vifundoni, wakatoa mchanga, chupa za plastiki, pampasi na matambara, wakayarundika ukingoni kwa ahadi kwamba gari la taka litapita jioni. Gari halipiti jioni, wala kesho yake. Siku ya tatu au ya nne mvua hunyesha, na rundo lote hurejea lilikotoka, pamoja na nyongeza ya lile lililokuwa limetupwa juu yake na wapitao usiku. Mtu aliyeyaona hayo mara mbili, akakataa kutoka mara ya tatu, si mvivu. Ni mtu mwenye akili timamu aliyetambua kwamba jasho lake limefanywa mchezo. Na laiti viongozi wangehesabu ni mara ngapi ahadi ya gari imevunjwa kabla ya kuhesabu ni nyumba ngapi hazikutoka, wangeona aibu kupeleka mgambo na kitabu cha stakabadhi kwa muuza genge aliyefungua mapema kabla nyanya zake hazijaoza.

Nimetaja mgambo na faini kwa makusudi, kwa sababu baina ya kazi ya hiari na kazi ya shuruti pana bahari, na watu wa nchi hii wameivuka kwa mateso. Wajerumani walipowalazimisha wazee wetu kulima mashamba ya pamba kwa amri, kwa malipo duni au pasipo malipo yenye maana, shuruti hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Na wakati wa Waingereza vilevile palikuwa na kazi za amri zilizoambatana na kodi na kiboko cha jumbe. Wala wazee waliochukia kazi hizo hawakuwa wavivu. Wakati huohuo, katika miji ya pwani na mingi ya bara, vyama vya ngoma ya Beni, Marini na Arinoti, vyenye wafalme wao na maofisa wao wa vyeo vya kubuni, vilikuwa vikichangishana fedha, vikizika wanachama wao na kuwapokea wageni waliofika mjini bila ya ndugu. Na mwaka 1929 ilipoundwa African Association hapa Dar es Salaam, wanachama wake, wengi wao makarani na watu wa mishahara midogo, walijijengea nyumba ya chama kwa michango yao na kwa kazi ya mikono yao, katika mtaa ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa humo TANU. Raia waliokuwa wakikwepa kazi ya jumbe mchana walibeba matofali ya chama chao jioni, kwa kuwa tofali lile lilikuwa lao.

Kuna siku moja katika miaka ya karibuni ambayo wengi huitaja kuwa ushahidi kwamba amri inatosha, nami huitaja kwa kusudi la kinyume. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli, ambaye alikuwa na mwezi mmoja tu madarakani, alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima, kwani kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti kilikuwa kimekwisha kuenea mikoani; naye mwenyewe akaonekana karibu na soko la samaki la Feri akizoa taka kwa mikono yake. Siku hiyo watu walitoka, tena wengi. Je, walitoka kwa kuogopa? Wapo walioogopa. Lakini nakumbuka pia kwamba ilitangazwa waziwazi fedha za sherehe, kiasi cha shilingi bilioni 4, zingekwenda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, na kila mwenye macho angeweza kupita akaona kama barabara imepanuliwa au haikupanuliwa. Pale palikuwa na maradhi yaliyojulikana, mkubwa aliyeinama, na hesabu iliyosomwa hadharani. Zilipofuata Jumamosi za kila mwezi, maradhi yakapungua, wakubwa wakabaki kwenye magari yao, na hesabu ikanyamaza. Ikabaki amri peke yake, na amri peke yake hukinaisha upesi.

Mfano mwingine, nao ni wa kale zaidi, ninauona haukupewa heshima yake. Mtaa wa Hananasif, katika Kinondoni, umekaa kando ya bonde la Mto Msimbazi, mto ambao hushuka kutoka milima ya Pugu na Kisarawe na kumwaga maji yake baharini katika daraja la Selander, na ambao mafuriko yake ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 mjini na kuzihamisha aila nyingi za mabondeni hadi Mabwepande. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, waliokuwa wamechoka kuogelea vyumbani kila masika, waliunda jumuiya yao, wakashauriana na halmashauri ya jiji na Shirika la Kazi Duniani, wakaamua wao wenyewe mitaro ipite wapi na njia ipi itangulie, kisha jumuiya ikafanya mkataba, na wakazi, wanaume kwa wanawake, wakachimba na kujenga kwa mikono yao. Walilipwa ujira, ndiyo. Sikusema kwamba maskini achimbe mtaro bure huku mhandisi analipwa. Lakini waliamua, walichangia, na walijua fedha zimeingia kiasi gani. Kadhalika, tangu mwaka 2015 programu ya Ramani Huria iliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa kata zisizopimwa, wakapita vichochoroni wakichora mitaro, madaraja na mahali maji yafikapo yakijaa. Na kwa kazi hiyo mzee asiyejua kusoma alikuwa mwalimu wa kijana mwenye simu, kwa sababu ni yeye aliyejua mvua ya mwaka gani ilifika dirishani. Hiyo nayo ni aina ya kujitolea, wala haihitaji sururu.

Lipo jambo jingine linaloharibu hisani ya mitaani, ambalo watu wa heshima hawapendi kulitaja kwa sababu limewafaidi: posho. Mradi huja na fulana nyeupe, kofia, chupa za maji na bahasha ndogo ya nauli. Vijana huandikwa kuwa wa kujitolea, na kwa miezi michache mtaa hung'aa na picha hupigwa. Mradi ukiisha, bahasha ikikatika, kijana aliyekuwa akisafisha mtaro wa babu yake bila ya kudai kitu sasa huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini jana kazi hiyo ililipwa na leo hailipwi. Sisemi wafadhili wana nia mbaya. Nasema wameingia katika nyumba yenye desturi zake bila ya kubisha hodi, wakaweka bei juu ya kitu kilichokuwa na heshima badala ya bei. Afadhali mara mia kazi ya ujira ulio wazi, yenye mkataba kama ile ya Hananasif, kuliko ujira uliovaa kanzu ya kujitolea. Na juu ya wale wajao asubuhi moja kwa mwaka, na glavu mpya na mpiga picha wao, wakazoa viroba vitatu na kuondoka kabla ya saa nne, sina la kusema isipokuwa kwamba riya nayo ni taka, na haina gari la kuizoa.

Wapo wanaotunyooshea kidole cha Kigali, ambako Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano, watu wazima wa miaka 18 hadi 65 hutoka kwa kazi ya Umuganda, na asiyetoka anaweza kutozwa faini. Kigali ni safi, sikatai. Lakini wanaoleta habari hizo hutuletea faini wakaacha nyuma jambo lililo bora zaidi: kwamba kazi ikimalizika wakazi hukaa pamoja wakafanya mkutano, wakazungumza mambo ya mtaa wao. Kwetu kazi ikimalizika kila mtu hunawa akaenda zake, na mkutano wa mtaa huitishwa siku nyingine, aghalabu kiongozi anapohitaji mihuri na saini. Tukiiga, tuige mkutano. Faini tunazo tayari, na hazijasafisha kitu.

Sasa niseme na serikali za mitaa na manispaa, kwa adabu lakini bila ya kuzungukazunguka. Dar es Salaam ilihesabiwa katika sensa ya mwaka 2022 kuwa na watu 5,383,728, na mji wa ukubwa huo hauwezi kusafishwa kwa fadhila. Mkazi hulipa ada ya taka, mwenye nyumba hulipa kodi ya jengo, mwenye duka hulipa leseni. Kuchukua taka mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, kuzibua makalvati makubwa ya barabara kuu, kuzuia ujenzi juu ya njia ya maji, hizo ni kazi zilizokwisha kulipiwa, na kumwita raia azifanye kwa jina la uzalendo ni kumtoza mara mbili. Kazi ya hiari ina mahali pake: ni pale ambapo mkono wa jirani hufika na mkono wa serikali haufiki, kama vile kumtazama mzee aishiye peke yake, kuwasomesha watoto jioni barazani, kutunza kichochoro ambacho hata mkokoteni haupiti, kuwaonya wenzetu wa mabondeni usiku mvua inapozidi. Serikali ikifanya yake, watu watafanya haya na zaidi. Isipofanya yake, kila wito utasikika kama hila.

Na kwa wapangaji, ambao ndio wengi wetu, nina neno pia. Tumezoea kusema kwamba nyumba si yetu, mtaro si wetu, na mwakani huenda tutakuwa Gongo la Mboto au Tegeta. Na wenye nyumba, ambao wengine huishi mbali na hufika tarehe ya kodi tu, husema kwamba uchafu ni wa wapangaji. Baina ya kauli hizo mbili mtaa hukosa mwenyewe. Lakini mpangaji huyo huyo, jirani akifiwa, hasemi kwamba msiba si wake kwa sababu mwakani atahama. Mbu nao hawaulizi hati ya nyumba.

Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wana miaka mitano, na wengi wao walifika kwenye viti hivyo kwa kuwa walijulikana misibani. Nawaomba, kabla ya kuwasha kipaza sauti Jumamosi ijayo, wachague mtaro mmoja tu, wenye urefu unaoweza kukamilika asubuhi moja. Wapate kwanza ahadi ya maandishi ya gari la taka, na gari lisipopatikana, waahirishe kazi badala ya kuwadanganya watu. Wamweke mezani yule yule mama au mwalimu anayeaminiwa na rambirambi za mtaa, aandike nani alikuja, nani alileta toroli, nani alitoa fedha za chai, na faini zilizotozwa zamani zilikwenda wapi. Kisha, kazi ikiisha na watu wakiwa bado na tope miguuni, asimame asome. Na wewe msomaji, kama mwenyekiti wako hakufanya hivyo, usifunge mlango: toka uende ukamwombe hesabu hiyo mbele ya watu.